Swali la Mara ya Pili

Jumapili, 7 Septemba. Kitale.

Koo limekauka. Chai ya tangawizi, vikombe viwili, na bado. Baba Mlezi, kiongozi wa kanisa letu, amehubiri leo mpaka watoto wakalala chini ya viti, na kila neno lake limepitia kinywani mwangu. Yeye kwa Kiswahili, mimi kwa Kibukusu, kwa ajili ya wazee wa viti vya mbele. Akipandisha sauti, napandisha. Akilia, nalia. Akisema "nilimwona malaika amesimama mlangoni," nami nasema nilimwona. Sijawahi kumwona malaika yeyote. Nimeona mlango tu.

Siku aliponivika kitambaa cheupe cha mkalimani aliniambia kanuni moja: bomba halina mawazo. Maji yanaingia huku, yanatokea kule. Niliona ni heshima kubwa. Nilikuwa msichana, na hakuna mtu aliyekuwa amenipa heshima nyingine.

Baada ya ibada mzee mmoja wa tawi la Bungoma alinisogelea, macho yake yakitazama kwingine. Ati dada yangu Nekesa amerudia swali. Jumatano iliyopita, mbele ya watu wote.

Nimeosha kikombe mara mbili. Naogopa.

Jumatatu, 8 Septemba

Kazini. Duka la mbegu na dawa za mifugo, hapa karibu na soko. Mwenyewe ni Mama Njeri, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri kuja kulima huku kabla hajazaliwa. Naye ni mtu wa Ushirika wetu wa Taa Moja, tena wa zamani kuliko mimi. Leo hakunitazama vizuri. Habari imeshafika.

Watu wa nje wanadhani Ushirika wetu umefunga watu midomo. Si kweli, na nimewahi kugombana na watu kwa hilo. Sisi tuna Jumatano ya Mashaka. Unasimama, unasema shaka lako, unajibiwa, unasema "nimeacha," unakaa. Hakuna anayekucheka. Nilipenda sana jambo hilo. Ila swali huulizwa mara moja. Kulirudia ni kusema jibu halikutosha, na jibu linatoka juu.

Swali la Nekesa ni la mahindi. Mwezi wa tatu Baba Mlezi aliona maono: mvua ya mwanzo ni ya udanganyifu, watu wa Taa wasipande mpaka atoe neno. Mvua ikanyesha vizuri. Majirani wakapanda. Sisi tukakaa tukitazama udongo uliolowa. Mama Njeri aliuzia Kitale nzima mbegu, na shamba lake mwenyewe akaliacha tupu. Neno likatoka mwezi wa tano. Sasa Bungoma wamevuna. Majirani wameanika mahindi kwenye maturubai hadi barabarani. Nekesa amevuna magunzi yenye mapengo.

Akauliza: kama yale maono yalikosea, tunaruhusiwa kusema yalikosea? Akajibiwa kwamba mvua ilikuwa jaribu. Akasema nimeacha. Kisha, wiki iliyopita, akasimama tena na swali lile lile.

Mimi nilizaliwa wakati wa njaa, ndiyo maana nikaitwa Nanjala. Yeye alizaliwa wakati wa mavuno. Tangu hapo yeye ndiye mwenye maneno na mimi ndiye ninayepiga magoti.

Jumatano, 10 Septemba

Nilisimama na shaka la uongo. Nikasema naona uzito kufunga siku za Ijumaa. Nikajibiwa kwa upole. Nikasema nimeacha. Watu wakapiga makofi.

Shaka langu la kweli ni lile la dada yangu. Nimekuwa nalo tangu mwezi wa nne, tangu siku niliyomuuzia mbegu jirani yangu na kurudi nyumbani chini ya mvua ile ile iliyosemwa kuwa ya udanganyifu, nikalowa mpaka ndani. Ilikuwa mvua. Nilijua ni mvua. Nikanyamaza.

Najichukia leo.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimempigia Nekesa. Nilitaka kumfokea, yeye akataka kujua kama bado nakohoa. Anashona sare za shule, cherehani haikusimama wakati wote tukiongea. Nikamwambia aombe radhi yaishe. Akasema, "Si niliambiwa niulize? Sasa nimeuliza, imekuwa makosa?"

Nikauliza habari za Mama. Mama mzima. Nyonga inamsumbua asubuhi, akishakandwa na maji moto anatembea.

Jumapili, 14 Septemba

Baba Mlezi aliniita ofisini baada ya ibada. Alinimiminia chai kwa mkono wake. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonitesa. Baba yetu alipofariki ni yeye aliyeleta unga na kukaa na sisi chini kwenye mkeka, wakati wajomba wanabishana nani aongee kwanza.

Akasema anajua ni damu yangu. Akasema ameomba sana. Tarehe 28 anakwenda tawi la Bungoma kumtoa Nekesa nje ya mwanga. Maneno yake nayajua, nimeshawatolea wengine watatu kwa Kibukusu kizuri: kuanzia leo huyu yuko nje, na yeyote atakayemsalimu, atakayekula naye au kulala chini ya paa lake, yuko nje pamoja naye.

Mama analala chini ya paa la Nekesa. Nyumba ya zamani ya baba ilianguka, Nekesa akajenga nyingine pale pale nyumbani. Yeye ndiye anayemkanda, anayemwogesha, anayemgeuza usiku nyonga ikikaza.

Baba Mlezi ameshafikiria hilo. Kuna kitanda katika nyumba ya wajane ya Ushirika hapa Kitale. Karibu na dirisha. Gari litamchukua Mama siku hiyo hiyo, akishasikia neno na kulikubali.

Nikauliza kama mkalimani mwingine anaweza kwenda. Akatabasamu.

"Binti yangu, likitoka kinywani mwa dada yake, watu watajua halina chuki ndani yake."

Nikasema ndiyo Baba. Nikamaliza chai. Nilitoka nikiwa na hasira mpaka meno yananiuma, na bado nilikuwa nimesema ndiyo Baba.

Jumatano, 17 Septemba

Sikwenda. Nimesema naumwa tumbo.

Jumamosi, 20 Septemba. Bungoma.

Nimekuja kumwona Mama, na sikumwambia mtu.

Amekonda kidogo. Anakaa kwenye kiti chake mlangoni, mahali ambapo anaona kaburi la baba na pia anaona nani anapita na bodaboda ya nani. Redio iko wazi mchana kutwa, matangazo ya vifo na bei ya mahindi. Nilitaka kuizima kwa kuwa haelewi Kiswahili chake. Akanipiga mkono kidogo. Anapenda nyumba iwe na sauti.

Alisimulia tena habari za Lwakhakha, jinsi alivyokuwa akiuza vitunguu pale mpakani, jinsi mama mmoja wa Uganda alivyotaka kumpunja kwa debe lenye kitako kilichobonyea, wakagombana hadi askari akaja, na mwishowe wakawa marafiki. Nimeisikia hadithi hiyo tangu utoto. Sijawahi kuchoka kuisikia.

Mara tatu nilifungua kinywa nimwambie kuhusu tarehe 28. Mara tatu nikaomba maji. Mama ni wa Taa kuliko sisi sote. Wakati wa kusali huwa haombi mto wa kukalia hata nyonga ikiwa moto. Akisikia neno lile atalitii, atafunga nguo zake katika leso, atapanda gari na kuja kufa karibu na dirisha la watu. Nina hakika.

Nyuma ya nyumba niligombana na Nekesa kwa sauti ya chini. Nikamwambia ana kiburi. Nikamwambia anamuuza Mama kwa sababu ya swali la mahindi. Kisha akasema hakuuliza kwa sababu ya mahindi. Mahindi yatapandwa tena. Aliuliza kwa sababu aliposema nimeacha ile mara ya kwanza alikuwa hajaacha, na akagundua kwamba amedanganya mbele ya Mungu ili watu wasikasirike.

"Wewe ukisema nimeacha huwa umeacha?"

Nikaondoka bila kuaga vizuri. Sasa najuta. Alikuwa amenifungia njugu za kuja nazo, nikaziacha mezani.

Jumatatu, 22 Septemba. Kitale.

Mama Njeri alifunga mlango wa duka wakati wa chakula, jambo ambalo hafanyi. Akasema amesikia nitakwenda Bungoma. Akasema nisifanye ujinga, akanikumbusha kwamba kazi hii nilipewa kwa sababu ya Taa. Hakusema kwa ubaya. Mikono yake ilikuwa ikipanga pakiti za dawa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kisha akasema, "Mimi mahindi yangu sasa ndio yanatoa ndevu, Nanjala. Septemba. Unadhani mimi sioni?"

Nikamuuliza mbona hajawahi kuuliza Jumatano. Akasema watoto wake wote wamefungia ndoa Taa, wajukuu wamebarikiwa Taa, mume wake amezikwa na Taa. Akauliza, "Nikitoka nitamsalimia nani?"

Akafungua mlango. Akaingia mteja wa dawa ya kupe.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimekasirika na kila mtu. Baba Mlezi kwa upole wake. Nekesa kwa ukweli wake. Mama kwa kutii kwake. Mwenye nyumba pia, bila sababu.

Jumamosi, 27 Septemba

Mpango wa kwanza: niugue. Haufai. Atakwenda mwingine, maneno yatakuwa yale yale, na mimi nitakuwa mwoga juu ya yote.

Mpango wa pili: niwaambie wazee wa mbele kitu kingine. Baba akisema huyu yuko nje, mimi niseme tuwaombee wagonjwa. Mama ataitikia amina na kurudi nyumbani akale. Nimeuchezea mpango huu siku nzima, nikauona mtamu. Lakini nusu ya tawi la Bungoma wanajua lugha zote mbili. Nitashikwa kabla sijafika nukta. Na hata nisiposhikwa, nitakuwa nimemfanyia Mama kile kile ninachowalaumu wengine. Kumchagulia cha kusikia.

Mpango wa tatu sina.

Nimepiga pasi kitambaa cheupe.

Jumapili, 28 Septemba. Bungoma, nyumbani kwa Nekesa.

Niandike kwa mpangilio.

Tulifika mapema kwa gari la Baba Mlezi. Gari la pili, la kumchukua Mama, lilikuja nyuma yetu. Dereva alikuwa ameweka blanketi kwenye kiti cha nyuma. Blanketi lile liliniuma kuliko yote, kwa sababu aliyeliweka alikuwa na nia njema.

Tawi lilijaa. Mama kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti, kitambaa cha Jumapili kichwani. Alinitazama na kutabasamu kama anavyotabasamu kila Baba akitembelea tawi nami nikisimama pale. Nekesa aliketi benchi la mwisho, peke yake. Benchi zima, na watu wamesimama ukutani.

Mahubiri niliyatafsiri vizuri. Nashangaa. Kinywa kilifanya kazi yake chenyewe. Kuna mahali Baba alitania kuhusu kuku wa mchungaji, na Mama akacheka kabla sijafika kwenye utani. Nikadhani amecheka kwa sababu wengine walicheka.

Kisha Baba akafika kwenye lile neno. Akamtaja Nekesa jina. Akasema amelia kwa ajili yake. Nikatafsiri. Akasema Taa haimfukuzi mtu, mtu hujitoa mwenyewe. Nikatafsiri. Akasema, "Kuanzia leo huyu yuko nje."

Nikanyamaza.

Sikuamua. Ningependa kuandika kwamba niliamua. Kinywa kilikuwa wazi, neno lilikuwa limefika kwenye ulimi, na nikamwona Mama ananitazama, na neno likakataa kutoka. Baba akadhani sikusikia. Akarudia polepole, kama mtu anayemsomea mtoto. Nikanyamaza tena. Kipaza sauti kililia kidogo. Watu wakaanza kugeuka.

Akaniambia chini chini, nje ya kipaza sauti, "Binti, sema."

Nikasema hapana. Nilisema kwa Kiswahili, na kipaza sauti changu kilikuwa wazi, kwa hiyo kanisa zima lilisikia. Nikasema, "Hapana, Baba. Hili sitalisema. Mimi pia nina swali la dada yangu." Nikavua kitambaa, nikakiweka juu ya kiti chake.

Mzee wa tawi akanyanyuka achukue kipaza sauti amalizie kazi. Hakufika. Mama alikuwa ameshasimama. Ilimchukua muda kusimama, na katika muda ule wote hakuna aliyethubutu kumsaidia wala kumzuia. Akaongea na Baba Mlezi moja kwa moja. Kwa Kiswahili. Kiswahili cha sokoni, kilichopinda, lakini kila mtu alikielewa.

"Hapana haja ya kutafsiria mimi. Mimi nimesikia, Baba. Hiyo ya kutoa mtoto yangu nje nimesikia yote. Ile sijasikia ni jibu. Amekuuliza mara mbili. Mimi nauliza ya tatu. Maono ilikosea ama haikukosea?"

Baba Mlezi alimtazama. Nilimwona akitafuta neno, na kwa mara ya kwanza katika miaka yangu yote ya kusimama kando yake sikujua atasema nini. Akasema, "Mama, keti." Tu.

Mama akaitikia, "Nakwenda kuketi." Akageuka. Akatembea na fimbo yake kupita katikati ya watu, polepole, nyonga ile, hadi benchi la mwisho. Akaketi karibu na Nekesa. Akavuta nguo yake vizuri.

Nikaenda nami. Benchi lilikuwa na nafasi.

Hakuna mwingine aliyekuja. Niandike na hilo. Watu walitutazama, baadhi wakilia, na hakuna aliyekuja. Mzee wa tawi akayamalizia maneno juu yetu sote watatu, kwa Kibukusu kibovu. Ningemsahihisha.

Gari la blanketi lilirudi Kitale tupu.

Jumanne, 30 Septemba. Kitale.

Nilikwenda dukani kurudisha funguo. Mama Njeri haruhusiwi kunisalimu. Alisimama akanipa mgongo, akaongea na magunia ya mbegu. Akayaambia magunia kwamba yule msichana alikuwa mfanyakazi mzuri. Akayaambia kuna duka Bungoma, upande wa stesheni ya reli, mwenyewe anatafuta mtu anayejua dawa za mifugo, na atakapopiga simu kuulizia atajibiwa vizuri. Akayaambia magunia yaende salama.

Nikayaambia magunia asante.

Nimelia njia nzima hadi nyumbani. Nitazikosa nyimbo. Nitamkosa hata yeye, Baba Mlezi, ile sauti yake asubuhi kabla watu hawajajaa. Hakuna aliyeniambia kwamba nitamkosa.

Jumapili, 5 Oktoba. Bungoma.

Jumapili ya kwanza bila ibada. Sikujua pa kuweka mikono. Nekesa alileta maharage, tukakaa mlangoni na Mama tukiyapukuchua. Watu wa Taa walipita wakienda tawini. Walitazama upande mwingine wa barabara. Mmoja alitikisa kichwa kidogo, kama aliyekuwa akifukuza nzi. Nimeamua ilikuwa salamu.

Nikamuuliza Mama kwa nini miaka yote hii hakusema anaelewa Kiswahili. Akashangaa swali. Akaniuliza nilidhani vitunguu vya Lwakhakha aliwauzia Waganda kwa Kibukusu. Hakuna aliyewahi kumuuliza, akasema. Na viti vya mbele vilikuwa vya wasioelewa. Angekaa nyuma angeniona vipi?

Basi alikuwa akisikia kila kitu mara mbili. Mara ya kwanza kwa Baba Mlezi, mara ya pili kwangu. Nikauliza ipi ilikuwa nzuri zaidi. Akasema yangu ilikuwa na sauti nzuri, lakini hakujua ni nini ndani yake kilikuwa changu.

Kisha akaacha maharage, akanitazama.

"Na wewe, Nanjala? Wewe unafikiri nini?"

Kuhusu maono, alimaanisha. Kuhusu Taa, na Baba, na Mungu, na mvua. Nikafungua kinywa. Nikaanza kusema ambacho Baba Mlezi angesema, nikaacha. Nikaanza kusema ambacho Nekesa angesema, nikaacha hicho pia. Nekesa alicheka. Nikasema sijui bado, nipeni muda.

Mama akasema hana haraka. Akachukua maharage mengine, akaendelea kupukuchua, akingoja.